Siku Moja Juu ya Nyasi za Kitulo

Kuuliza si ujinga. Methali hiyo nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, mwalimu wa darasa na kisha mwalimu mkuu. Lakini siku iliyonipasa kuitumia mimi mwenyewe, sikuitumia. Nitaisimulia siku hiyo, msomaji wangu, ila kwanza nikueleze mahali penyewe.

Uwanda wa Kitulo uko kusini mwa Tanzania, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Ni nchi ya nyasi. Mvua za Novemba hadi Aprili huipamba kwa maua ya kila rangi, ndiyo maana wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ifikapo Juni huja baridi kali, na asubuhi nyasi hugeuka nyeupe kwa sakitu. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa.

Vitabu vya zamani vya Kizungu viliuita Uwanda wa Elton. Frederic Elton alikuwa konseli wa Uingereza huko Msumbiji. Mwaka 1877 alifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, akaipanda milima hii kwa miguu, na Desemba mwaka huohuo akafia Ugogo. Jina lake likabaki kwenye ramani. Hata hivyo, milima hiyo ilikuwa na wapitaji wake kabla yake. Wakinga, wafua chuma hodari, walikuwa wakivuka na majembe na mikuki kuwapelekea Wanyakyusa, nao wakirudi na chakula. Watu hao hawakuandika vitabu, lakini walijua kuipanga siku, kwa kuwa asiyeipanga hakurudi na mzigo.

Mwaka 1977 nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nikifundisha shule moja ya msingi katika milima hiyo. Niliazimia kuwapeleka wanafunzi arobaini hadi ukingoni mwa uwanda, walione Ziwa Nyasa kwa macho yao. Nilitandaza ramani mezani, nikaipima njia kwa rula: sentimita 20, yaani kilomita 10. Nikasema, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Tutoke saa tatu asubuhi, saa kumi tuko nyumbani, tena tumekula na kuimba.

Jioni yake nilipita kwa mzee mmoja jirani, ambaye baba yake alikuwa mchukuzi wa majembe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "toka jogoo la kwanza. Mwendo wako uwe wa mtoto wa mwisho, si wako. Nyasi zikilowa huteleza kama sabuni, basi usishuke wima, shuka kwa kukata upande. Na ukiona wingu linapanda kutoka ziwani, geuka, hata kama umebakiza hatua mia. Huko juu hakuna mti wa kujificha wala wa kukuonyesha njia."

Nikamshukuru kwa adabu. Moyoni nikasema, huyu hajui kusoma ramani.

Rula haikuniambia kwamba njia ile inapanda mita 600. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo safari yangu ilikuwa ya saa tatu kwenda, nayo ni kwa mtu mzima asiyepumzika. Sisi tulitumia saa tano. Saa nane mchana tulikuwa bado hatujafika ukingoni, na wingu lilikuwa limekwisha kupanda. Nililiona. Nikawaambia watoto, bado kidogo.

Ziwa hatukuliona. Ukungu ulitufunika hata mkono wako usiuone vizuri, kisha mvua. Kijia kikapotea ndani ya nyasi. Tulipofika bondeni usiku niliwahesabu: thelathini na tisa. Nikahesabu tena.

Mvulana yule alipatikana karibu na alfajiri. Wachunga ng'ombe walimkuta amejikunja nyuma ya jiwe, hawezi kusema. Walimlaza katikati yao karibu na moto, na kwa rehema za Mungu akapona. Baba yake alikuja shuleni, akanipa mkono, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nilifungua kitabu cha kumbukumbu za shule nikaandika: "Ziara ya kijiografia, Darasa la Saba. Imefanikiwa." Maneno hayo yalibaki vile nilivyoyaandika. Mtu akikifungua kitabu kile leo atayaamini, kama mimi nilivyoamini kwamba uwanda ule ni wa Elton. Kalamu huacha mengi, na mara nyingi huacha yale yenye aibu, pamoja na watu waliobeba mizigo.

Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kuandika kule. Ukitaka kutembea siku moja juu ya milima ya nyasi, waulize wenyeji, utoke mapema, beba nguo ya baridi hata jua likiwaka, na kabla hujaondoka uchague saa ya kurudi. Saa hiyo ikifika, rudi. Ziwa litakuwapo kesho.