Utulivu wa sumaku ya dunia na upimaji wa magnetoteluriki

Magnetoteluriki ni njia ya kupima ukinzani wa umeme wa miamba bila kuchimba wala kubeba mtambo wa kutuma mawimbi. Mtumaji ni maumbile: mawimbi ya juu ya takriban Hz 1 hutoka kwenye radi zinazopiga kote duniani, na ya chini ya hapo huzaliwa upepo wa jua unapoikumba magnetosfea. Misingi yake iliwekwa na Andrey Tikhonov mwaka 1950 na Louis Cagniard mwaka 1953. Nchini Kenya hutumika kusaka jotoardhi, Olkaria na Menengai zikiwemo.

Mpima sumaku wa kawaida huomba siku tulivu. Mpima wa magnetoteluriki huomba jua lichafuke. Kipimo cha Kp cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kinachoanzia 0 hadi 9, kikilala kwenye 0 au 1 usiku kucha, mawimbi ya polepole hufifia. Kelele ndogo ndogo ndizo zinazosikika basi: upepo unaotikisa koili ya kupimia sumaku isiyozikwa vizuri, mbuzi anayekanyaga waya, pampu ya maji kijijini. Kwenye grafu, nukta hazikai tena kwenye mstari. Hasara yake ni kina. Kina kwa mita kinakaribia 500 mara kipeuo cha pili cha zao la ukinzani na muda wa wimbi kwa sekunde. Kwa ukinzani wa ohm-mita 10, wimbi la sekunde 100 hufika kama km 16, la sekunde 1 halifiki km 2. Chanzo cha joto kikiwa chini ya hapo, hakionekani.

Karibu na Hz 1 hali ni ngumu hata siku njema, kwa kuwa vyanzo vyote viwili ni dhaifu hapo.

Wimbi lenye nguvu nalo si neema tupu. Hesabu hudhani kwamba wimbi linashuka likiwa bapa, lakini karibu na ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, mkondo mwembamba wa umeme hutiririka mchana kwenye kimo cha km 105 hivi na huweza kuivunja dhana hiyo. Data ya usiku huaminika zaidi huko.

Tangu mwaka 1979, watafiti Gamble, Goubau na Clarke walipopendekeza kituo cha pili cha mbali, kelele isiyoshirikiwa na vituo viwili huchujwa. Kituo hicho hakiumbi wimbi ambalo halikuja. Usiku ukipita kimya, vifaa huachwa shimoni usiku wa pili, na elektrodi za kupimia umeme ardhini humwagiwa maji ya chumvi zisikauke.