Popenguine: Hija Iliyomzidi Mwanzilishi Wake

Popenguine ni kijiji cha pwani nchini Senegal, takriban kilomita 70 kusini mwa Dakar, ambacho kila Pentekoste wageni huwazidi wenyeji kwa mbali. Wengi wanaosimulia historia ya hija yake huanzia Ufaransa. Mwaka 1888 Askofu Mathurin Picarda, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliiweka Popenguine chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa La Délivrande, ambaye Wakatoliki wa Normandie wamemheshimu tangu enzi za kati. Kutokana na hilo, wapo wanaoihesabu Popenguine kuwa tawi tu la ibada ya Kifaransa. Simulizi hiyo inatosha kueleza hija ilivyoanza, lakini haitoshi kueleza kwa nini ingali hai. Picarda alifariki mwaka uliofuata, 1889. Kama hija ingetegemea mapenzi ya askofu mmoja, ingezikwa naye. Walioibeba ni Wakatoliki wa pale pale, wakiwemo Waserer wa pwani hiyo, na leo vijana hutoka Dakar kwa miguu, mwendo ambao Mnormandie hawezi kujigamba kuwa aliwafundisha.

Atakayepinga atauliza: mbona hata Jumatatu ya Pentekoste, siku ya mapumziko nchini Senegal, imetoka katika kalenda ya Wafaransa? Ni kweli. Lakini kurithi siku ni jambo moja, na kuitunza ni jingine. Tangu uhuru wa 1960 taifa hilo, ambalo Wakristo wake ni kama asilimia tano tu, lingeweza kuifuta bila kelele nyingi. Jibu rahisi ni kwamba rais wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki, tena mzaliwa wa Joal, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Basi alikuwa akilinda vya kwao. Jibu hilo lingekubalika kama Senghor angetawala hadi leo. Aliondoka madarakani mwishoni mwa 1980, akamwachia Abdou Diouf, Mwislamu, na waliomfuata Diouf ni Waislamu pia. Siku haikuguswa. Kwa maoni yangu, huo ni ushahidi mzito kuliko cheti chochote cha asili: Waislamu walio wengi wameihesabu sikukuu ya wachache kuwa mali ya nchi.

Na ndani ya Kanisa lenyewe usukani ulibadili mikono. Hyacinthe Thiandoum alizaliwa Popenguine mwaka 1921, akawa Askofu Mkuu wa Dakar mwaka 1962, na mwaka 1976 akawa kadinali wa kwanza kutoka Senegal. Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika kuhiji kijijini hapo Februari 1992, jimbo lilikuwa bado mikononi mwa Thiandoum, na aliyempokea hakuwa mmisionari bali mwana wa kijiji.