Kuhamisha Maneno na Kuhamisha Uhusiano: Funzo la Faili za Msaada wa Kompyuta



Mtaniwia radhi nikianza mhadhara wa taaluma za Kiswahili kwa kutaja kitu kinachoonekana kuwa mbali nazo, yaani faili za msaada wa programu za kompyuta. Maandishi hayo, ambayo humweleza mtumiaji afanyeje anapokwama, yana historia fupi yenye funzo kubwa kwa wanalugha.

Mwaka 1990 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 3.0 pamoja na mfumo wa msaada ulioitwa WinHelp. Mwandishi aliandaa maelezo katika programu ya kawaida ya kuandikia, kwa muundo wa RTF. Tanbihi yenye alama # ilibeba utambulisho wa mada, yenye $ ilibeba kichwa chake, na yenye herufi K ilibeba maneno ya faharasa. Neno lililopigiwa mistari miwili lilimpeleka msomaji kwenye mada nyingine. Lililopigiwa mstari mmoja lilifungua kidirisha kidogo chenye fasili. Kisha programu maalumu iliyafunga yote hayo katika faili moja ya .hlp.

Muundo huo haukudumu. Mwaka 1997 ulitolewa mfumo wa HTML Help, uliotumia lugha ya kurasa za tovuti. Windows Vista, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2006, haikuja na programu ya kusomea .hlp, aliyeihitaji ilimbidi aipakue mwenyewe. Windows 10 ya mwaka 2015 haikuwa na hata njia hiyo. Maelezo ya miaka mingi yakabaki ndani ya chombo kisichofunguka.

Aliyekuwa amehifadhi faili za RTF aliweza kuzigeuza kuwa HTML kwa zana iliyokuwapo. Aliyebaki na .hlp pekee ilimlazimu kuifumua kwanza. Hata hivyo, ugumu haukuwa katika maneno. Ulikuwa katika uhusiano wake: fasili za vidirisha, faharasa, mfuatano wa mada, na namba zilizounganisha kila sehemu ya programu na maelezo yake. Aliyenakili sentensi tu alipata kurasa zilizo sahihi kisarufi lakini zisizojuana.

Wasomi wenzangu, Kiswahili kimewahi kupita njia hiyo. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, kabla ya hati za Kilatini kutawala na Kamati ya Lugha, iliyoanzishwa mwaka 1930, kusanifisha tahajia. Uhamisho huo ulitupa faida: e ilitengwa waziwazi na i, na o ikatengwa na u, jambo lililokuwa gumu kwa alama tatu za irabu za Kiarabu. Lakini tulipoteza pia. Maneno habari, hali na hewa yana asili ya herufi tatu tofauti za Kiarabu, yaani خ, ح na ه. Leo yote matatu huanza na h moja. Anayetazama tahajia ya leo peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo. Ni lazima arejee asili.

Kwa nini niyaseme haya leo? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi za namna hiyo hubuni istilahi, na istilahi haijitoshelezi: huhitaji fasili, mfano na mahali pake miongoni mwa nyingine. Tukivifunga hivyo katika muundo unaokufa, orodha ya maneno itasalia na sababu za kuyachagua zitapotea. Watakaokuja watabuni upya kilichokwisha kubuniwa.

Basi anayehamisha maandishi na atambue kwanza ni tofauti zipi zinazobeba maana, achague muundo ulio wazi, na asitupe nakala ya asili hata baada ya kazi kukamilika. Nakala hiyo ndiyo shahidi wa pekee wa makosa yetu.