Kujichukulia Sheria Mkononi: Mwizi Naye Ana Haki ya Kusikilizwa



Miaka michache iliyopita, katika kigango kimojawapo cha jimbo letu, tulimzika kijana wa miaka 19 aliyeuawa sokoni kwa kupigwa mawe na kuchomwa moto. Alidaiwa kuiba simu. Simu yenyewe ilipatikana kesho yake: mwenyewe alikuwa ameisahau kwenye kibanda alikokunywa chai. Mazishi yalihudhuriwa na watu wachache mno, na wengi wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya familia ile hawakuonekana makaburini. Baadaye tulielewa kwamba baadhi yao hawakukosa nafasi. Walikuwapo sokoni siku ile.

Tunautaja mfano huu kwa tahadhari, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba ubaya wa tukio lile ulitokana na kumuua mtu asiye na hatia. La hasha. Hata kama simu ingekutwa mfukoni mwake, mauaji yangebaki kuwa mauaji. Hapo ndipo waamini wetu wengi, tena wanaosali kila Dominika, wanapotofautiana na mafundisho ya Kanisa.

Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba mtuhumiwa aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno haya yana namna ya kuficha. Hasira haina jina wala mkono. Haiokoti jiwe, haitafuti tairi, haiendi kununua petroli. Hayo yote hufanywa na watu wenye majina ya ubatizo. Neno "Mwizi!" linapopigwa kelele barabarani, shitaka, hukumu na adhabu hukamilika kabla mtu yeyote hajauliza kilichoibwa ni nini.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwalaumu waamini bila kusikia uchungu wao. Mwizi wa mtaani kwetu huwaibia maskini. Pikipiki inayoibwa ni ya mkopo, na marejesho hayasubiri ipatikane. Mbuzi anayechukuliwa usiku ni ada ya mtoto ya muhula ujao. Watu wanajua jinsi ilivyo vigumu kufuatilia kesi mahakama ikiwa mbali na nauli hakuna, na shauri kuahirishwa mara kwa mara. Tena wapo waliombwa fedha mahali ambapo huduma ilipaswa kuwa bure. Rushwa ya namna hiyo ni dhambi inayolilia mbinguni kwa namna yake, na wanaoipokea wana sehemu yao katika kiberiti kinachowashwa sokoni.

Lakini kuna malalamiko mengine yanayotokana na kutoelewa. Mtuhumiwa akionekana mtaani siku mbili baada ya kukamatwa, husemwa mara moja kwamba amenunua uhuru wake. Mara nyingi huwa amepewa dhamana tu. Dhamana ni utaratibu wa kisheria unaomruhusu mshitakiwa kusubiri kesi akiwa nje, kwa masharti kwamba atarudi mahakamani. Haimfutii shitaka. Mlalamikaji anayekata tamaa kwa kumwona mtaani, kisha asiende kutoa ushahidi, yeye mwenyewe ndiye anayeiua kesi yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Ni vema viongozi wa kamati za Haki na Amani parokiani wawafahamishe waamini mambo haya.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda uhalifu mkubwa mbele ya macho yake, ila awajibika kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata, basi, si kosa. Kosa linaanza pale mtu aliyekwisha kushikwa, asiyeweza tena kumdhuru yeyote, anapoanza kupigwa. Kwa sheria ya jinai, wanaoshiriki kwa nia moja huhesabiwa wote kuwa wametenda, na kosa ni la mauaji. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu bado ina adhabu ya kifo katika vitabu vyake, lakini kwa zaidi ya miaka 25 hakuna aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama. Mtaani mtu anachomwa kwa ajili ya simu.

Maandiko Matakatifu yanazifahamu sana hukumu za makundi. Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, Susana anahukumiwa kufa kwa sababu washitaki wake ni wazee wenye heshima, na mkutano mzima unawaamini pasipo kuuliza neno. Danieli hakuleta muujiza. Aliwatenga wale wazee wawili na kumwuliza kila mmoja alimwona Susana chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake. Swali moja tu liliokoa uhai. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinakwenda mbali zaidi: hata aliyemwua mwenzake alitengewa miji ya makimbilio, asije akafa kabla ya kusimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Naye Kaini, muuaji wa kwanza, alitiwa alama na Mungu ili mtu yeyote atakayemwona asimwue. Mtakatifu Yohane Paulo II alilitafakari tukio hilo katika waraka wake *Evangelium Vitae* wa mwaka 1995, akafundisha kwamba hata muuaji hapotezi hadhi yake ya utu.

Ni msingi huo uliomfanya Papa Fransisko, mwaka 2018, kurekebisha namba 2267 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ili ieleweke wazi kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Ikiwa Kanisa linaikatalia hata dola yenye majaji, mawakili na rufaa, umati wa sokoni utapata wapi ruhusa?

Katekisimu haikatai adhabu yenyewe. Namba 2266 inaitambua haki na wajibu wa mamlaka halali kutoa adhabu inayolingana na kosa, na namba zinazotangulia zinakubali mtu kujilinda anaposhambuliwa. Aliyevamiwa nyumbani usiku na kujitetea si sawa na anayemrudia mwizi aliyefungwa kamba.

Namba 1868 ndiyo tungependa isomwe polepole jumuiyani. Inaeleza kwamba tunashiriki dhambi za wengine kwa kushiriki moja kwa moja, kwa kuagiza, kushauri, kusifu au kuidhinisha. Kwa kutozuia au kutofichua tunapowajibika kufanya hivyo. Na kwa kuwalinda watenda maovu. Aliyepiga kelele "mchome!" yumo. Aliyepiga picha za video akizirusha kwenye kundi la WhatsApp kwa maneno ya kusifu, naye yumo. Mjumbe wa mtaa anayejua majina na kunyamaza ajiulize vizuri.

Hapa Kanda ya Ziwa tunajua pia mahali hukumu za namna hii zinapofika. Bibi vizee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni na samadi walipokuwa wakipikia wajukuu. Anayeona ni halali kumchoma mwizi bila ushahidi hana hoja ya kumzuia jirani yake anayemfuata bibi kwa panga. Kwa wote wawili kinachoua ni tuhuma.

Ulinzi wa jadi unaweza kuwa na mema yake. Sungusungu walianza mapema miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini kupambana na wizi wa ng'ombe, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Lakini mlinzi anaitwa kukamata na kukabidhi. Kuhukumu hakumo katika kazi yake.

Kwa aliyeshiriki na sasa dhamiri inamsumbua, mlango wa Kitubio uko wazi, na siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Lakini toba inadai malipizi: namba 1459 inakumbusha kwamba tuliyemdhuru jirani tunapaswa kufanya tuwezavyo kurekebisha madhara hayo. Aliyeuawa haturudishiwi. Huenda kuna mama yake aliyebaki peke yake, huenda kuna watoto wanaohitaji sare na daftari. Mwungamaji aliongee jambo hilo na padre wake, na asingoje Kwaresima.