Riadha ya polisi: Kutoka Kiganjo hadi Olimpiki

Mashindano ya riadha ya polisi nchini Kenya yanajulikana zaidi kwa wanariadha waliotoka humo kuliko kwa vikombe vyake. Kipchoge Keino, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, Nyeri, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968 na ya kuruka viunzi na maji Munich 1972. Wakati huo riadha haikuwa na malipo. Mshahara wa askari ndio uliomlisha mkimbiaji. Fedha za zawadi zilipoingia, wengi hawakuvua sare, kwani jeraha moja hukomesha mbio ilhali kazi ya polisi ina pensheni. Konstebo au inspekta, wote hupanga mstari mmoja. Julius Yego, afisa aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, alifikisha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia.