Neno "Balghamu": Kutoka Uyunani hadi Kiganjo

Katika mjadala wa istilahi za Kiswahili, neno mara nyingi hupimwa kwa nasaba yake: la Kibantu hupokelewa, la Kiarabu hutiliwa shaka, la Kiingereza hupingwa. Makala haya yanalichunguza neno moja la tiba, balghamu (pia belghamu), ili kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo, kwa kuwa njia kadhaa za neno hili zimekutana katika eneo hilo.

Asili yake ni neno la Kiyunani phlegma, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuunguza. Katika tenzi za Homer maana yake ni mwako wa moto. Waganga wa mapokeo ya Hippocrates, katika karne ya 5 na ya 4 K.K., walilitumia kwa ute wa mwilini, mmojawapo wa vioevu vinne walivyodhani huamua afya ya mtu; vingine vilikuwa damu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ute huo ulihesabiwa kuwa wa baridi na majimaji. Hivyo neno la moto likawa jina la kitu baridi.

Katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq (aliyefariki mwaka 873) na wenzake wa Baghdad walifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiriani na Kiarabu. Katika Kiarabu, vioevu vitatu viliitwa kwa maneno ya lugha hiyo yenyewe: dam, safra na sawda. Cha nne kilibaki na jina la Kiyunani, balgham. Kiarabu hakina sauti p, wala hakianzi neno kwa konsonanti mbili. Kwa hiyo b ilishika nafasi ya p, na irabu ikaingia kati. Neno hilo likaenea katika Kiajemi, Kituruki na Kiurdu, na katika Kiswahili likapata irabu ya mwisho. Mwenziwe, safura, alibadilika zaidi: Waswahili humwita hivyo ugonjwa wa minyoo umalizao damu.

Upande wa Ulaya, Kilatini kilirithisha neno lilo hilo kwa Kiitaliano, flemma, na Kiingereza, phlegm. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na Waskoti wakajenga misheni yao Tumutumu. Balghamu nalo lilipanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili, ambacho Kiganjo kilikipokea kwa reli iendayo Nanyuki na kwa chuo cha polisi, ambako vijana wa makabila mbalimbali ya Kenya hufunzwa pamoja. Hivyo ndugu watatu wa tumbo moja walikutana chini ya Mlima Kenya bila kujuana.

Kimatamshi, gh haimpi Mkikuyu taabu, kwani g ya lugha yake, kama katika gũkorora (kukohoa), hukaribiana nayo sana. Kinachomtatiza ni l, isiyokuwamo katika Kikuyu.

Hata hivyo, ufasaha wa istilahi hupimwa zahanati. Mgonjwa ashukiwaye kuwa na kifua kikuu hutakiwa atoe kilichotoka mapafuni. Akileta mate tu, kipimo kinaweza kukosa vijidudu ilhali ugonjwa upo. Hapo makohozi, neno lizaliwalo na kitenzi kohoa, humwongoza msikilizaji kuliko balghamu, si kwa sababu ya Ubantu wake, bali kwa sababu linamwonyesha tendo linalotakiwa. Balghamu lina kazi yake katika maandishi na katika historia ya tiba. Kulifukuza kwa kosa la Uarabu ni kulihukumu kwa nasaba isiyokuwa yake. Na kulishikilia mbele ya mgonjwa asiyelifahamu ni kuipenda lugha kuliko wasemaji wake.