Wazee Waliandika Juu: Safari ya Maandishi Kutoka Mlangoni, Kwenye Kanga, Hadi Stika ya Bi Harusi



Leo sianzi na mafunzo ya kukata stika kama mlivyonizoea. Kwanza nakusimulieni jambo lililonitoa machozi, kisha tuingie kwenye historia, kwa sababu jawabu nililipata huko.

Mwaka jana nilipata kazi ya harusi kubwa. Bi harusi alitaka chupa ndogo 300 za maji, kila moja ibandikwe stika ya vinaili ya rangi ya dhahabu. Juu jina lake na la mume, chini maneno ya Kiarabu kutoka Suratur Rum, aya ya 21, ile inayotaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Nilikesha siku tatu nikikata na kubandua. Ukumbini zilipendeza mashaallah, kila mtu anapiga picha.

Saa tano usiku nikarudi kuchukua vitambaa vyangu vya meza. Chupa zimezagaa sakafuni, nyingine zimekanyagwa, nyingine zimo ndani ya pipa pamoja na mifupa ya kuku. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa ameinama anaziokota moja moja na kubandua zile stika kwa ukucha. Hakujua kama mimi ndiye niliyezitengeneza. Akaniambia, "Njoo unisaidie, mwanangu. Wazee wetu waliandika juu. Nyinyi mnaandika chini."

Nikainama nikamsaidia, na sikuthubutu kumwambia kuwa kazi ile ni yangu. Lakini neno lake sikulisahau.

Maandishi ya juu

Nikaanza kujiuliza: wazee waliandika wapi hasa? Hapa kwetu Unguja jawabu haliko mbali. Nenda Kizimkazi Dimbani, uingie msikiti wa zamani. Kwenye kibla utaona maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya baadaye, lakini maandishi yale yakatunzwa. Fikiria, zaidi ya miaka 900 imepita na bado yanasomeka.

Kisha rudi Mji Mkongwe. Tazama milango ya nakshi, hasa ile ya Kiarabu ya zamani. Ukikuta aya au dua, mara nyingi utaikuta kwenye ubao wa juu, kwenye kizingiti, mahali ambapo mtu hupita chini yake na wala haikanyagi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, iliwekwa milango mikubwa yenye aya za Qur'ani zilizotiwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo hata kupenda dhahabu hatukuanza sisi na stika zetu. Tofauti ni kuwa fundi wa zamani alichonga mbao ngumu iwakae wajukuu na vitukuu, na mimi nilibandika chupa ya kunywa mara moja.

Maandishi ya mwilini

Sasa utasema, mbona kanga ina maandishi na tunaivaa, tunaifulia, tunambebea mtoto? Ndiyo, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

Katika karne ya 19 wanawake wengi wa pwani walivaa merikani, kitambaa cheupe kilicholetwa na meli kutoka Marekani, ndiyo maana kikapata jina hilo. Waliokuwa watumwa walivaa merikani au kaniki iliyotiwa rangi ya buluu ya giza, haina ua wala neno. Baadaye wanawake wakaanza kununua leso zilizochapwa, zilizokuja zikiwa zimeungana kwenye jora moja. Neno lenyewe leso limetoka kwa Wareno. Badala ya kuzikata moja moja za mkononi, walichukua leso sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Mimi kama fundi wa cherehani hapa huwa natabasamu. Kanga haikubuniwa kiwandani, ilibuniwa na wanawake wenye sindano na uzi. Wafanyabiashara walipoona, ndipo wakaagiza ichapwe nzima nzima.

Mwaka 1897 utumwa ulipoteza nguvu ya sheria hapa Zanzibar. Wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kushika kanga. Kwao kuchagua rangi na ua halikuwa jambo dogo. Mtu ambaye jana alivaa alichopewa, leo anachagua mwenyewe.

Halafu likaja jina la kanga, yaani yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887 na linalojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa zaidi katika habari ya kutia methali na mafumbo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo maneno yaliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Kanga zikachapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, mpaka viwanda vya hapa Afrika Mashariki vilipoanza, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Angalia walichoandika: methali, mafumbo, shukrani kwa mama, kijembe kwa jirani, dua fupi kwa Kiswahili. Maneno ya watu kwa watu. Zawadi ya kanga ilikuwa na ujumbe kwa mtu maalumu, na mpokeaji alijua kwa nini amechaguliwa ile na si nyingine. Hiyo ndiyo zawadi yenye jina kabla ya kikombe chenye jina. Bibi zetu walikuwa na maneno ya kanga na maneno ya mlangoni, na walijua lipi la wapi.

Vinaili ilitoka wapi?

Hii plastiki tunayokata leo nayo ina hadithi yake. Mkemia wa Kijerumani Eugen Baumann aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1872, ikawa unga mgumu usio na kazi. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, alikuwa anatafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata, badala yake akapata vinaili laini inayokunjika. Makoti ya mvua na mapazia ya bafuni yakatokana na hiyo.

Ile gundi ya nyuma, ya kubandua na kubandika, ina hadithi itakayowafurahisha mabibi harusi. Mwaka 1935 huko Los Angeles kijana anaitwa R. Stanton Avery alitengeneza mashine ya kutoa lebo zenye gundi tayari. Aliunganisha mota ya mashine ya kufulia, vipande vya cherehani na msumeno. Mtaji wake ulikuwa dola 100, na aliyemkopesha alikuwa mchumba wake, Dorothy Durfee, mwalimu wa skuli. Kwa hiyo, dada yangu, kila ukibandua stika kumbuka kuna cherehani ndani yake na kuna pesa ya bi harusi mtarajiwa.

Mashine ya kukata nayo imetokana na fundi wa vitambaa kwa namna yake. Joseph Gerber alizaliwa Vienna mwaka 1924, akakimbilia Marekani mwaka 1940 kwa sababu ya Wanazi waliokuwa wakiwatesa Mayahudi. Akiwa mwanafunzi alichukua lastiki ya pajama yake akaitumia kama rula inayovutika, na kutokana na hapo akabuni kifaa chake cha kwanza. Kampuni yake ndiyo iliyotengeneza mashine za kukata vitambaa vya viwandani zinazoongozwa na kompyuta, na mwaka 1983 ikatoa mashine ya kukata herufi za vinaili kwa ajili ya mabango. Miaka ya 2000 mashine zikawa ndogo za kukaa juu ya meza, na leo mwanamke anaweza kuitia ndani ya chumba chake, akalea watoto huku anakata majina.

Basi kosa langu lilikuwa wapi?

Vinaili haina kosa. Kosa ni mahali nilipoiweka, na pia asili yake sikuifikiria.

Karatasi yenye aya ikichakaa, tumefundishwa kuichoma au kuizika mahali safi kwa heshima. Wino wa zafarani wa kombe huoshwa ukaisha. Vinaili haioshwi, haiozi, na ukiichoma inatoa moshi mkali wenye sumu. Kwa hiyo nikibandika aya kwenye kitu cha kutupwa, nimeandika neno la Mwenyezi Mungu kwenye kitu kitakachokaa jaani miaka na miaka.

Nikakumbuka pia tuliyosoma madrasa, kuwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na pazia lenye picha, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam hakulipenda likining'inia, ndipo likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Pale ilikuwa picha kushushwa chini. Mimi nilifanya kinyume, kitu cha kutukuzwa ndicho nilichokishusha. Somo ni lile lile: mahali pana maana.

Tangu siku ile nimejiwekea masharti. Na nasema kweli, yamenigharimu. Mwezi uliofuata nilipata bi harusi mwengine anayetaka aya kwenye visahani vya karatasi vya keki. Nikamweleza taratibu, akaniambia mbona ulimfanyia fulani? Sikuwa na la kujibu zaidi ya kusema nilikosea. Akaenda kwa mtu mwengine. Ilikuwa pesa ya ada ya skuli ya mwanangu, na iliniuma. Lakini usingizi nilipata.

Masharti ya meza yangu

Chupa za maji, visahani, vifuko vya zawadi, feni za mkono: majina ya maharusi, tarehe, na maneno ya Kiswahili. Hapa ndipo ninapowarudia bibi zetu. Methali moja nzuri au neno la kanga la mama yako linapendeza kuliko unavyodhani. Bi harusi mmoja aliniletea kanga ya marehemu mama yake, nikanakili jina lake herufi kwa herufi, nikalikata kwa rangi ya dhahabu na kulibandika kwenye vifuko vya halua. Wageni wengi waliondoka navyo, na sikuokota hata kimoja chini.

Aya na dua: kwenye fremu ya kioo au ubao uliopakwa rangi, iwekwe juu, sebuleni, si chooni wala sakafuni. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kutundika aya ukutani, kwa hiyo muulize mwalimu wako kwanza, mimi ni fundi tu.

Kuta za chokaa za Mji Mkongwe: usibandike moja kwa moja. Chokaa hutoa unga na chumvi ya bahari huleta unyevu, stika itaanguka ndani ya wiki. Tumia kioo, vigae au ubao.

Vikombe na glasi: futa kwanza kwa spiriti, acha ikauke. Tumia vinaili ya gundi ya kudumu, ibandike nje, mbali na mdomo wa kikombe. Sugua kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Acha siku moja kabla ya kukiosha, na ukioshe kwa mkono.

Ukutani kwenye rangi laini: gundi ya kubanduka, ili siku ukihama rangi isitoke nayo.

Kupalilia, yaani kutoa vipande visivyotakiwa baina ya herufi, fanya kwenye mwanga wa asubuhi na sindano ya cherehani. Nukta za Kiarabu ndizo hupotea. Ukipoteza nukta moja maana inageuka, na kwenye aya hilo si jambo la mchezo. Nikikata aya siku hizi, humpa ustadhi aisome kabla sijaibandua.

Mabaki usiyachome jikoni wala uani. Yakusanye kwenye mfuko, yaende kwenye taka.

Kwako bi harusi

Najua unataka siku yako ipendeze, na unataka baraka. Vyote viwili ni haki yako. Lakini kaa na mama yako au somo wako, andika orodha ya vitu vyako, na mbele ya kila kitu jiulize: wageni wakishaondoka, hiki kitakuwa wapi? Kama jawabu ni ukutani kwangu, andika dua. Kama jawabu ni jaani, andika jina lako tu, na hilo linatosha.

Yule bibi sijamuona tena. Kama anasoma haya au kuna anayemsomea, namuomba radhi. Stika zile tulizobandua ninazo mpaka leo ndani ya kopo juu ya kabati langu. Kuzitupa nimeshindwa.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zetu mapenzi na huruma. Amin.